Hadi Lini

Mama Aikande amekuja tena, mara ya tatu wiki hii,
kaacha viatu vya tope mlangoni pa ofisi ya takwimu
ingawa nilimwambia, pita navyo, mama, sakafu hii imeshazoea.
Anataka karatasi moja tu: kwamba Aminieli wake
alikuwa diwani wa Kata ya Mfongo, hapa Moshi,
tangu siku fulani hadi siku fulani.
Siku mbili, anasema. Siku mbili ndizo zinazokwamisha mafao.

Naandika jina. Mfumo unawaza kidogo,
unaniletea Hilaria Mlay, na picha, na namba ya simu.
Naandika tena, kwa i na bila i.
Hilaria Mlay.

Nitamwambiaje?
Waliochora jedwali waliipa kila kata mstari mmoja,
na aliyekuja nyuma akaandikwa juu ya aliyetangulia,
kama ubao wa bucha, bei ya leo imelalia bei ya jana.
Hakuna aliyemfuta Aminieli kwa chuki.
Alifutwa na kitufe cha kuhifadhi.

Nikashuka masijala. Jalada la buluu, panya wameonja pembe.
Humo tarehe zikaanza kubishana:
kura zilipigwa Jumapili ya mvua,
mshindi akatangazwa Jumanne, baada ya kuhesabu upya,
kiapo kikaja wiki tano mbele.
Basi alianza lini mtu huyu?
Alipochaguliwa, au alipoinua mkono wa kulia?
Bwana Ndossi, mkuu wangu, akasema chagua moja, kazi ziende.
Nikasema ziwekwe zote, kila moja na jina lake,
na pembeni chanzo: jalada gani, ukurasa gani, nani kaandika.
Akacheka. "Shamimu, unataka kumtolea diwani cheti cha kuzaliwa?"
Ndiyo.
Na cha kifo.

Maana upande wa mwisho ndio wenye miiba.
Kwenye orodha iliyobandikwa ukutani
wote wamemaliza siku moja, siku baraza lilipovunjwa:
yule aliyehama chama katikati na kiti kikabaki wazi,
yule ambaye mahakama ilitengua ushindi wake
akiwa ameshapitisha bajeti mbili,
na Aminieli, ambaye siku hiyo
alikuwa na miezi kumi na tisa chini ya migomba yake.

Kwa bibi yangu, Machame, maji ya mfereji yalikuwa na zamu.
Zamu ilifunguliwa kwa jembe,
ikafungwa kwa jiwe na bonge la udongo.
Ukizidisha kidogo, jirani keshasimama, kashika kiuno.
Sisi tumefungua tu.
Safu ya "hadi" ni tupu, kata baada ya kata,
na utupu huo una maana tatu:
bado yupo,
hatujui,
hatukuuliza.

Leo nimemwongezea mstari. Wake mwenyewe,
juu ya Hilaria, bila kumgusa Hilaria.
Kata ileile, watu wawili, na katikati
miezi minne ambayo Mfongo haikuwa na diwani;
nayo nimeiandika, maana hata pengo lina tarehe.

Nikageuza kioo cha kompyuta ajionee.
Alisoma polepole, kidole hewani, bila kugusa.
Nilingoja shukrani, sitaficha.
"Hapa," akasema. "Umeandika Alhamisi."
Cheti cha hospitali kinasema Alhamisi, mama.
"Daktari alifika Alhamisi, asubuhi.
Yeye aliondoka Jumatano usiku. Mkono ulikuwa ndani ya wangu."

Nje mtu anapiga honi, anauza maandazi.
Nikarudisha mshale, nikafungua nafasi nyingine chini ya ile ya hospitali.
Jumatano.
Chanzo: mkewe, kwa mdomo.
Nikabonyeza hifadhi, kisha nikafungua tena
kuhakikisha kwamba wote bado wapo.