Ndoo ya Mihayo

Mwaka huu nyuki waliipita mizinga yangu kumi na minne
wakaingia ya Mihayo,
msitu uleule, mninga wa pili tu kutoka wangu.
"Hongera, ndugu," nilisema.
Ulimi ndio uliosema. Tumboni siafu walikuwa kazini.

Usiku nikakipa jina zuri: uchungu wa haki.
Si nimefunga? Si nimetoa zaka? Mbona yeye?
Katika sala nilitaja kijiji kizima,
jina lake nikaliruka.

Jumapili ya mavuno, hapa Sikonge,
mchungaji akaniita: Mihayo kateguka mkono,
mbebee ndoo hadi madhabahuni.
Hatua ishirini. Asali ikafurika ukingoni,
ikanichuruzika mpaka kiwikoni,
nikailamba kabla sijafikiri.

Tamu.
Ee Bwana, ilikuwa tamu,
wala haikuuliza nani anailamba.

Kijicho. Palepale nikakiita kwa jina lake.
"Mbariki..." nikakwama.
"Mbariki Mihayo."

Jumatatu nikapanda kumrinia iliyobaki.
Hakijahama, najua;
kinalinda tundu la mzinga, kimenoa mwiba.
Nami moshi wangu ni sala:
napuliza kidogo, nasubiri,
napuliza tena.