Neno la Tatu

Kesi niliitunga jikoni kwangu, Dundee, mwezi wa Januari,
soksi jozi mbili miguuni, dirisha limepofuka kwa baridi.
Kodiani imeibwa katika ukumbi wa wastaafu.
Mshtakiwa: Ruaridh Tosh, miaka sitini na mmoja, fundi wa kuchomelea.
Mashahidi wanne, wawili kati yao waongo kidogo,
kama watu.

Kurasa arobaini. Za mwizi arobaini, nikacheka peke yangu,
nikazibana kwa pini.

Asubuhi ya mashindano nina viti kumi na vitano vya baraza la raia
na watu kumi na wanne.
Namdaka kijana aliyeleta supu.
"Una saa mbili?"
"Nimeacha pikipiki nje."
"Kaa."
Anakaa, kofia ngumu mapajani,
uso wa mtu aliyekabidhiwa mtoto wa mgeni.

Jaji wa kweli amekwama kwenye theluji huko Perth,
kwa hiyo Profesa Dalgleish anavaa joho tuliloazima kwa kwaya;
linanuka mishumaa na peremende.
Kengele ya muda ni ile ya kuchemshia mayai.
Kadi ya manjano: dakika mbili. Nyekundu: funga mdomo.

Morven Petrie anasimama kwa upande wa mashtaka.
Usiku kucha kafanya mazoezi mbele ya friji, mwenzake kanieleza.
Anauliza fupi, halafu anasubiri.
Huko kusubiri ndiko kunakouma.
Struan Lumsden wa utetezi, tai imeenda upande,
anaruka na pingamizi kabla swali halijatua,
anakataliwa, anaketi, anaruka tena.
Mara ya nne anapatia,
masikio yake yanaiva.

Mimi niko nyuma na saa, na fomu za alama:
ufasaha, kumi; kuhoji mashahidi, ishirini;
adabu mbele ya mahakama, tano.
Kisanduku cha ukweli hakuna.
Kila mwaka wananivizia kwenye ngazi, wananong'ona:
"Lakini, aliiba?"
Sijui. Nilitunga kurasa arobaini, jibu sikulitunga.

Kizimbani yupo Wattie Geddes, bawabu wa jengo letu,
aliyekubali kuwa Tosh kwa ujira wa chai na keki mbili.
Maneno yote kayakariri. Ila Morven anapouliza,
"Ulikuwa wapi saa tatu usiku?"
ananyamaza mno.
Napekua kurasa: pale sikuandika kimya.
Mkono wake unautafuta ukingo wa kizimba, unaupata bila macho,
kama mtu anavyoipata swichi ya taa katika nyumba aliyohama zamani.
Nasimamisha saa. Kanuni hairuhusu. Kanuni niliiandika mimi.

Waskoti, miaka ile, walikuwa bado wanalo neno la tatu,
kati ya ana hatia na hana hatia:
haikuthibitika.
Baraza linarudi. Msemaji waliyemchagua ni mleta supu.
"Haikuthibitika," anasema, "kwa kura nane,"
na kuiangalia kofia yake kana kwamba ndiyo ya tisa.

Makofi. Kikombe kwa Morven, kwa tofauti ya alama tatu.
Struan analia chooni, kisha anakula sandwichi nne.
Makoti, skafu, kelele kwenye korido, mlango.

Nabaki kuokota kalamu na vielelezo.
Kodiani, ambayo ni ya baba mkwe wangu, naiinua ndani ya mfuko wake wa plastiki;
inashusha pumzi ndefu, yenyewe.
Ndipo namwona Wattie. Bado kizimbani, wima.

"Wattie, tumemaliza."
"Najua."
Anatazama kiti cha jaji, joho limetupwa juu yake.
"Ila hakuna aliyesema niende."

Kweli. Sikuandika.
"Nenda," nasema, kwa sauti isiyo na joho.

Hasogei mara moja.
"Lile neno la tatu. Mtu anarudi nyumbani, siyo?"
"Anarudi."
"Hata mimi waliniambia hivyo," anasema. "Nikarudi.
Majirani ndio hawakurudi."

Kisha anashuka, anazichukua funguo zake msumarini,
anaanza kuzima taa, safu moja moja,
mimi bado nimo ndani, kodiani mkononi.