Upande wa Kushoto

Miaka minne sasa, na bastola hii
sina la kuilaumu.
Urefu wake kiganja changu,
uzito wake kidogo kuliko funguo za dobi
ninalofunga saa nne usiku, hapa Amarillo,
upepo ukisukuma vumbi chini ya mlango.

Ndani ya sweta haijionyeshi.
Hata Wendell wa bima, mwenye macho ya mwewe,
huongea nami saa nzima asiione.
Jumamosi naipeleka kwenye shabaha:
risasi kumi, matundu kumi,
kisahani cha kikombe chayafunika yote.
Haijakwama.
Haijatoka alani kwa hasira hata siku moja,
na hiyo, ukiniuliza, ndiyo sifa yake.

Ila nyonga ya kulia imeota sugu.
Na Tessaly, mjukuu wangu wa miaka sita,
ajapo mbio, mikono wazi,
mwili wangu hugeuka wenyewe
kabla sijawaza.

Jana nimemsikia akimfundisha mdogo wake:
bibi hukumbatiwa huku tu.
Kule kwingine kumelala,
tusikuamshe.