Jumatano ya Mwisho wa Mwezi

Jumatano ya mwisho wa mwezi, baada ya isha,
nazima televisheni, nawasha kompyuta,
na kiyoyozi chetu hapa Mabela kinakohoa
kama mwenye nyumba aliyekuja kudai kodi.
Toleo jipya limetoka.
Kiigizi kimejifunza mashine nyingine kumi na saba
na kimegundua kwamba za zamani nilizonazo
baadhi yake zilikuwa zikisema uongo.

Mama anapita na chai ya tangawizi.
"Bado tu unapanga vidude hivyo?
Kitu kizima, wakibadilishia nini?"
Namwambia, hizi ni chipu zilizong'olewa, zikasomwa,
na msomaji hukosea.
Mtu huko Osaka kanunua bodi mbovu mnadani,
kaisugua kwa mswaki, kaisoma upya,
kaona namba moja, moja tu, siyo ile
tuliyokuwa nayo miaka yote hii.
"Namba moja," anasema mama.
"Na waliokwisha kucheza je?"
Swali analiacha mezani pamoja na kikombe.

Nachuja. Kijani, kijani, nyekundu.
Kuna mchezo mama na kuna wanawe:
ndani ya mtoto hamna kitu
ila pale alipotofautiana na mamake;
mama akikosekana, mtoto haamki.
(Hili sikumwambia yule wa jikoni.)
Wengine wamebadilishwa majina, wengine wamehamishwa ukoo.
Orodha haina haya:
hiki kimepungua, hiki kimezidi,
hiki sikijui.

Hiki ni mchezo wa vifaru.
Tuliujulia Ruwi, dukani kwa Bwana Pratap,
baisa mia kwa roho tatu,
Humoud juu ya kreti la Vimto
na mimi nimemshikia kofia isidondoke.
Pratap akafunga. Mashine zikaondoka na lori la vyuma chakavu.
Tukaja kuupata tena humu, umekonda,
faili dogo kuliko picha ya pasipoti.
Na Humoud, mwaka ule dawa zilipomlaza
toka Jumapili hadi Alkhamisi,
akaucheza hadi elfu arubaini na nane, mia saba na hamsini.
HUM. Wa kwanza.
Chini yake HUM. Chini yake HUM.
Wa nne, mimi.

Leo nimeujaribu ule uliosahihishwa.
Hatua ya tatu, darajani,
pana kona ambapo kifaru kikubwa hakikuoni,
ndipo Humoud alipokuwa akisimama,
akinyoosha vidole, akinywa maji.
Hakuna kona.
Kifaru kinageuza shingo, kinapiga.
Ile kona ilikuwa namba moja iliyosomwa vibaya.

Nikakaa kimya na mikono mapajani.
Kumbe pumziko lake lilikuwa kosa la mtu.
Na kwa Pratap, nakumbuka sasa,
daraja lile hatukulivuka hata siku moja.

Ulio sahihi nimeuweka mahali pake.
Haki ni haki, mtu wa Osaka kasugua kwa ajili yetu sote.
Mama husema cha kale dhahabu,
lakini dhahabu haiozi, na hizi zinaoza.
Ila ule mbovu sikuufuta.
Nimeufungulia folda, jina lake HUM,
nikautilia na kiigizi cha zamani,
kwani kipya hakitaki hata kuuona.

Ndiyo maana kila mwezi, kazi ikiisha,
kila kitu kijani, chai imeshapoa,
hubaki mstari mmoja chini kabisa:
*Faili lisilojulikana. Lifutwe?*

Mama siku hizi huvuta kiti, husubiri nifike hapo.
Bila miwani hasomi kioo hiki,
ila mstari ule anaujua kwa rangi yake.
"Mjibu," anasema.
Nami namjibu.