Kukoza

Mwaka ule Tbilisi umeme ulikuja kama mgeni mwenye haraka:
havui koti, haketi.
Mama alikoroga hina kwa mwanga wa mshumaa,
unga wa kijani wenye harufu ya nyasi kavu na zizi,
akaukamulia limau, lile moja tulilokuwa nalo,
akaufunika kwa sahani kando ya jiko la mafuta ya taa
ulale.

Kesho yake alikuwa anarudi darasani.
Kemia, darasa la tisa. Miezi minane bila mshahara,
na shule inafunguliwa kwa kuni za watoto,
kila mmoja na gogo lake kwapani.
"Siingii na mvi hizi," alisema.
"Watadhani nimeshindwa."

Mpakaji nilikuwa mimi, miaka kumi na miwili,
nagawanya nywele kwa kitana cha baba
(baba mwenyewe alikuwa Rostov, anauza machungwa,
au ndivyo barua zilivyosema),
fungu kwa fungu, kama fundi anayepiga lipu gizani.
Kisha mfuko wa nailoni. Kisha skafu ya sufi.
Tope likamtiririka nyuma ya sikio
nami nikalifuta kwa kidole,
kidole ambacho kingenisaliti wiki nzima.

Asubuhi, dirisha likatuambia.
Mvi, na mvi peke yake, zimewaka:
karoti iliyomenywa sasa hivi.
Nyeusi zimebaki nyeusi, wala hazikushtuka.
Mama alijitazama kwenye kioo cha kabati,
akatamka neno ambalo watu huwatunzia punda.

Mzevinar wa ghorofa ya chini alipanda bila kuitwa,
mkononi kopo la nili, mdomoni sigara isiyowashwa.
Akamzungusha mama kichwa kama anayechagua tikiti sokoni.
"Hina haisemi leo, yataka siku ya pili;
na ikizidi kuwaka, ndipo uitie nili.
Nili haipendi limau, Tsiala. Maji matupu, na chumvi kidogo.
Na ukishaikoroga usikae kupiga soga,
inakufa mapema kuliko mikate ya serikali."

Siku ya pili! Na kengele inalia saa tatu.

Alifika lango la shule na skafu.
Darasani, mbele ya magogo yaliyorundikwa ukutani
na pumzi za watoto zikionekana hewani, akaivua.
Nilikuwa dawati la nyuma, nikaomba sakafu inimeze.
Kukawa kimya. Kisha kicheko kimoja, cha Vazha, mtoto wa mwashi.
"Vizuri," mama akasema, akachukua chaki.
"Andikeni tarehe. Rangi hii haijamaliza kukutana na hewa.
Kesho mtanitazama tena,
na kila mtu ataandika alichokiona, si alichokitarajia."

Kesho ilikuwa shaba.
Keshokutwa, kahawia yenye moto ndani,
kama ganda la chestinati.
Kopo la nili likarudishwa chini halijafunguliwa,
na Vazha, nakumbuka, aliandika kurasa mbili.

Sasa nina umeme mpaka bafuni.
Nina mizani ya jikoni, nina glavu,
na nywele zilizobaki kwenye brashi nimezifunga uzi
mafungu matatu, nimeyajaribu wiki nzima.
La kwanza, nusu hina nusu nili: jeusi la wigi.
La pili, tatu kwa moja: zuri, la heshima, la benki.
La tatu hina tupu, na limau.

Mama yuko sebuleni, kichwa cheupe kabisa,
ameacha zamani, anasema kemia imemstaafisha.
Nimemletea mafungu yote kwenye kisosi.
Amevaa miwani. Ameyageuza dirishani, taratibu,
kama anayesahihisha mtihani.

"Hili la tatu umelipaka lini?"

Jana usiku, nikamwambia.

"Basi usiniulize leo."