Safu ya Umri

Daftari letu la Isevya lina safu ya umri
na mwenye kalamu ni mimi.
Mwanzoni mwa mwaka walikuja wazee:
sabini na moja, sitini na nane,
na kikohozi walichokiita cha tumbaku
mpaka kikopo cha makohozi kikakanusha.

Kisha namba zikaanza kushuka.
Thelathini na tatu: Kasanda, katoka machimboni Nzega
na vumbi la mwamba kifuani.
Kumi na tisa: Nyamizi, wa bweni la vitanda vya ghorofa.
Halafu nikaandika nne.
Kalamu ikasita.

Nne ni Sizya,
kovu la chanjo begani, dogo kama punje ya ulezi.
Hulala ubavuni mwa bibi yake, Kalunde,
ambaye, ukifunua nyuma, ndiye yule sabini na moja.

Nikawafuata nyumbani.
Chumba kimoja, dirisha moja,
limepigiliwa misumari tangu mwaka wa wezi.
"Haingii mtu tena humu," bibi akasema.
Sikumjibu. Nikaazima nyundo kwa jirani.

Msumari wa nne ulipong'oka
hewa iliingia bila hodi,
ikapeperusha kalenda ya bibi
yenye vijiti vya mkaa, kijiti kwa kila dozi.
Yeye kabakiza miezi miwili.
Mjukuu ndio kwanza anaanza,
anacheka mkojo wake kuwa rangi ya chungwa.

Daftari bado lina kurasa nyingi.
Natamani mchwa wazile
zikiwa nyeupe.