Herufi Moja

Afisa alisema Kulwa na Kurwa ni watu wawili.
Cheti cha kuzaliwa kina R, fomu ya shule ina L,
na yeye hagongi mhuri juu ya mashaka.
Nikamwambia, mzee, mtoto mwenyewe ndiye huyu.
Akamtazama Kulwa, akamtazama Doto kando yake,
sura ile ile, mashavu yale yale,
akarudisha bahasha. "Mwalimu, nawe unazidi kunichanganya."

Jumatano usiku, bandari ya Kaskazini,
wazazi wananitwika maagizo kama magunia:
huyu ana pumu, huyu asile mayai,
huyu hutembea usingizini, usimlaze karibu na ukingo.
Mama Nkwimba kanitilia karanga mfukoni.
Mama wa mapacha hakuniagiza kitu.
Alisema tu, watoto hawahesabiwi, Shija,
ukiwahesabu unawaonyesha njia ya kupungua.

Basi nikahesabu viatu.
Arobaini na vinne.

Kulwa alisimama getini na begi lake mgongoni,
maana nyumbani hakuna aliyekuwa na moyo wa kulifungua.
Meli ikapiga honi. Doto hakupunga mkono.
Alikaa chini ya ngazi na sweta mbili za kijani,
moja kaivaa,
moja kaifunga kiunoni.

Mimi nilizaliwa nyuma ya mapacha, jina langu lasema hivyo.
Kwetu mmoja akiugua, dawa walikunywa wote wawili,
nami nikikohoa niliambiwa, subiri.

Mutukula, tukiwa kwenye foleni, askari wa upande wa pili
alituhesabu kwa lugha yake, akafika ishirini na wawili.
Nikamwambia bado mmoja.
Akahesabu tena, akanitazama vibaya.
Masaka, jikoni kwa wenyeji, niliagiza sahani
ishirini na tatu, kila mlo, siku nne,
ulimi ukiteleza pale pale.
Ya ziada hakuna aliyeuliza ni ya nani.
Doto aliivuta, akala zote mbili bila njaa,
taratibu, kama mtu anayesaini kwa niaba.

Jumanne alfajiri Mwanza ikatokea, mawe kwanza,
halafu taa za mlimani, halafu harufu ya dagaa.
Nilikuwa nimejiandaa kwa wazazi: pumu salama, mayai salama,
yule wa usingizini nilimfunga kamba ya kiatu
kwenye kidole changu cha mguu.
Gatini, mbele ya wapagazi na mikokoteni,
Kulwa, kavaa sare, viatu kavipaka rangi
kana kwamba yeye ndiye anayerudi.

Doto alishuka wa kwanza, nikamwacha asukumane.
Akaifungua sweta kiunoni, akampa.
Nilidhani watalia, nikatazama pembeni,
nikajifanya nahesabu viatu,
arobaini na sita.
Nyuma yangu nikasikia Doto akimwambia,
"Ulikula matoke.
Hukuyapenda."